Kengele ya Waliobaki Chini

4 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ninakuandikia kwa sababu moja, na ni afadhali niitaje waziwazi kabla salamu hazijawa ndefu: naomba unishushe mgodini.

Najua ombi hili litakushangaza, kwa hiyo niruhusu nilitolee maelezo. Chuo kilichonitunuku shahada yangu ya fasihi linganishi kimetangaza nafasi ya mhadhiri msaidizi. Waombaji tumetakiwa kila mmoja kutoa mhadhara mfupi mbele ya jopo la maprofesa. Mada niliyoichagua ni “Safari za Kuzimu katika Tenzi na Visasili vya Wayunani wa Kale”. Waombaji wenzangu watasoma kutoka vitabuni. Mimi nataka jopo litambue kwamba naijua maana ya kushuka. Na katika ukoo wetu mzima, Mjomba, wewe ndiye pekee ambaye kazi yako ni kuwapeleka watu chini ya ardhi na kuwarudisha.

Ili uelewe uzito wa jambo lenyewe, nakusimulia mkasa mmoja. Yupo nahodha aliyepotea baharini miaka mingi akitoka vitani. Anaambiwa kwamba njia ya kwenda kwao anaijua mtu mmoja tu, mwaguzi ambaye amekwisha kufa. Basi nahodha anaelekeza merikebu yake ukingoni mwa dunia, mahali jua lisipofika, anachimba shimo na kumimina damu ya kondoo, kwa kuwa wafu wa Wayunani hawana sauti mpaka wanywe. Vivuli vinamiminika kutoka gizani. Katikati yao anamwona mama yake, ambaye alimwacha akiwa hai. Mara tatu anamrukia kumkumbatia, na mara tatu mikono yake inafumbata hewa.

Nilipousoma mkasa huu mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikakaa nikiutazama ukuta. Watu walioutunga hawapo tena, hata lugha yao hiyo haizungumzwi tena namna ile, lakini mikono ile mitupu niliihisi kana kwamba ni yangu.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana mtandao wa huko kambini ni wa kubahatisha. Mama hajambo, anashona sare za shule na meza yote imejaa. Tafadhali usimtajie ombi langu, ana kazi nyingi mno.

Wako katika heshima na taaluma,
Mpwa wako


15 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika, na bahasha yake ilivyo nzuri karani wa stoo alidhani nimeshtakiwa. Yeye ndiye aliyenisaidia kwenye “fasihi linganishi”. Tumekubaliana kwamba ni kitu kikubwa, tukaendelea.

Nilikosea nikaisoma kwa sauti kantini wakati wa chai. Sasa sina raha. Huyo nahodha wako wamempenda, kila anayenipita ananiuliza, “Vipi, amefika?” Mama Kantini anataka kujua mama wa nahodha alikufa kwa ugonjwa gani. Bwana Kidevu, yule wa baruti, anasema mtu akichimba shimo bila kuweka nguzo asishangae vikimtokea vitu. Na wewe wamekupa cheo tayari, unaitwa Profesa. Ukikosa hiyo nafasi ya chuoni njoo, hapa ulishaajiriwa.

Umesema nawapeleka watu chini na kuwarudisha. Ni kweli, ila siwaoni. Nyumba ya winchi, mashine inayoshusha na kupandisha kizimba cha chuma cha kubebea watu, iko kando ya shimo. Nakaa humo na mkono wa mashine, saa ya kuonyesha kina, na kengele. Pigo moja, simama. Mawili, shusha. Matatu, watu wamo kizimbani, vuta polepole. Kila ishara ikipigwa kutoka chini, mimi nairudia ili nao waisikie kwamba nimeisikia. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya miaka yote. Mke wangu anasema nimeyahamishia nyumbani.

Karani ameniambia Wayunani nao walikuwa na mvushaji wa wafu, mwenye mashua na ndevu chafu. Nimekataa kufananishwa naye. Yule anapakia wa kwenda tu. Mimi napimwa kwa wa kurudi. Mbwa wao wa vichwa vitatu huyo tunaye, yuko getini, ana kichwa kimoja ila kelele ni za vitatu.

Kuhusu kushuka: hapana. Mgodi si ukumbi wa maonyesho. Kuna vumbi, na kifua chako tangu utotoni si kizuri.

Watumie watu hawa hadithi nyingine kabla hawajanila.

Wako katika heshima na vumbi,
Mjomba


27 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tafadhali mwambie Mama Kantini kwamba mama wa nahodha hakuugua ugonjwa wowote. Kivuli chake chenyewe kinaeleza: alikufa kwa kumkosa mwanawe. Kumkumbuka kulimchosha polepole mpaka akaisha.

Kwa wengine natuma wawili. Wa kwanza ni mwanamuziki aliyefiwa na mkewe siku za arusi. Alishuka Kuzimu na kinubi chake akaimba mpaka yule mbwa akalala na mfalme wa wafu akalegea. Akaruhusiwa kumchukua mkewe kwa sharti moja: atangulie, mke afuate, na asigeuke kumtazama mpaka watoke nje. Alipoiona nuru ya mlango aligeuka. Mkewe alikuwa bado hatua moja gizani. Wasomi wamebishana sana juu ya sharti hili, wala hakuna aliyenieleza nikatosheka.

Wa pili ni shujaa mwenye hasira, mkuu kuliko wapiganaji wote, aliyechagua maisha mafupi yenye sifa. Nahodha anamkuta miongoni mwa vivuli na kumpongeza: ulitukuzwa ukiwa hai, na hapa naona unatawala. Shujaa anamkatiza. Anasema angechagua kuwa kibarua wa mtu fukara, mradi awe juani, kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Mjomba, utenzi mzima uliotangulia ulijengwa juu ya sifa ya mtu huyu, na hapa mwenyewe anaiangusha kwa sentensi moja.

Sasa kifua changu. Kwa heshima zote, mtoto aliyekuwa akikohoa ni wa kwako, ambaye leo anacheza mpira wa miguu. Mimi sijawahi kukohoa. Kama ipo sababu nyingine ya kunikatalia, naweza kuipokea. Mhadhara wangu ni tarehe 14 Machi, lakini ombi langu halina tarehe ya mwisho.

Mpwa wako


9 Machi

Profesa,

Marahaba. Sawa, kifua umeshinda.

Nianze na mwanamuziki. Huku tumegawanyika makundi mawili na Mama Kantini amekataa kumuuzia chai kundi la wanaomtetea. Mimi nina neno langu. Chini tunatembea mmoja nyuma ya mwingine, na kila mtu ana taa kwenye kofia. Ukigeuka kumtazama aliye nyuma yako, mwanga wako unampiga machoni, haoni kitu, na hapo ndipo anapojikwaa. Kwa hiyo mtu unayemjali humgeukii. Unasikiliza viatu vyake. Sijui kama Wayunani walikuwa na taa za namna hiyo, nadhani hawakuwa nazo, lakini nilipolisema hilo hata Kidevu alinyamaza, na Kidevu hanyamazi kanisani wala msikitini.

Kwa yule shujaa hakukuwa na ubishi. Nilisoma, nikamaliza, watu wakawa wanatazama vikombe. Kisha mmoja akasema, “Angekuja hapa tungempa koleo.” Tukacheka kidogo. Halafu yule kijana aliyesema hivyo akaniomba nirudie pale pa juani. Nikarudia.

Kushuka, mgeni anahitaji saini za wakubwa watatu. Mmoja yuko likizo, mmoja ni mgonjwa, na wa tatu nadhani hajazaliwa.

Nikupe kichekesho uende nacho kwa maprofesa. Ameletwa mkaguzi mpya. Juzi zamu imekwisha, kizimba cha mwisho kimepanda, shimo halina mtu, akasikia kengele imepigwa kuelekea chini. Pigo moja. Akaandika kwamba kengele ni mbovu. Fundi wa umeme ameifungua mara mbili, amebadilisha waya, amebadilisha swichi, jioni inalia vilevile. Wote tunamtazama anavyohangaika na hakuna anayesema neno. Maskini, mpaka amekonda.

Ufaulu mhadhara wako.

Mjomba


20 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nilitoa mhadhara. Jopo lilikuwa la watu wanne nyuma ya meza ndefu, na mmoja alikuwa akichezea kifuniko cha kalamu mpaka nilipofika kwa mama wa nahodha, akaacha. Walisema watanijulisha. Mgodi sikuutaja. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzuri sana juu yako na nyumba ya winchi, wa kumshangaza yeyote, lakini asubuhi ile niliuchomoa nikaukunja nikauacha nyumbani, kwa sababu barua yako ya mwisho ilikuwa imeshanifikia.

Kengele si mbovu, Mjomba. Unaipiga wewe. Na mmojawapo wa watu unaowapigia ni baba yangu.

Nilikuwa kidato cha pili. Mama alikuwa akizungumza nawe chumba cha kushonea, wewe ulikuwa umekuja kututembelea, nami nilikuwa nje ya mlango nimebeba trei ya chai. Mliongea taratibu, lakini nilisikia kwamba baba hakufia hospitali, wala hakuzikwa katika mji wa mbali nilioambiwa nitapelekwa nikikua. Nilisikia kwamba yuko pale pale, chini, nyuma ya ukuta. Nilirudisha trei jikoni, nikapasha chai moto upya, nikaja nikabisha hodi. Tangu siku hiyo nimewaacha mnifiche, kwa sababu niliona mlivyokuwa mkijitahidi.

Naomba radhi kwa kulivika ombi langu joho la taaluma. Nilidhani nikilipamba vya kutosha hata mimi nitaamini kwamba ni la jopo.

Ipo sehemu moja ambayo sikuwasimulia wenzako. Mwanzoni mwa safari zake nahodha anashambulia mji, anashindwa, na katika kila merikebu wamepungua watu. Adui yuko nyuma yao ufukweni, inawapasa wakimbie. Lakini hawang’oi nanga. Hawakubali merikebu kuondoka mpaka kila mwenzao aliyeanguka nchi kavu ameitwa, mmoja mmoja, mara tatu. Utenzi hauelezi kwa nini. Unalitaja kwa mstari mmoja hivi na kuendelea, kama jambo ambalo kila msikilizaji alilijua.

Nililipita jambo hilo nikisoma chuoni, wala sikulipigia mstari. Jana nilisoma tena barua yako, nikaurudia mstari ule, na nikashindwa kukaa kwenye kiti. Hakuna aliyekufundisha. Hakuna aliyewafundisha wao. Mabaharia wa kale wanaoelekea kuangamia na mtu mmoja katika nyumba ya winchi, na kati yao maelfu ya miaka, wote wamegoma kuondoka kimyakimya. Nimesomea fasihi linganishi miaka minne, Mjomba, na ni jana tu nimeona kitu kikilingana na kingine.

Sikuombi tena unishushe. Nakuomba uniambie.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu. Nilianza mara kadhaa.

Baba yako alikuwa mpiga kengele wa chini. Kwa hiyo tulizungumza naye kutwa nzima bila kuonana, yeye na mimi, shemeji kwa shemeji, moja, mbili, tatu. Alikuwa na mkono wake. Wengine wanapiga kama wanadai, yeye alipiga kama anabisha hodi. Siku ile alikuwa amekwenda njia ya kaskazini kuwaambia watu zamu imekwisha, watoke, na paa likaanguka. Waokoaji walijaribu upande huu na upande ule, mlima ukawa unaendelea kushuka. Mwisho walijenga ukuta wa zege, wakabandika bamba la chuma lenye majina. Mama yako alisema mtoto asijue kwamba anakanyaga juu ya baba yake kila akija kunitembelea. Nikakubali.

Jioni ile ile nilikaa nikisubiri kengele. Haikulia. Basi nikapiga mimi. Pigo moja, maana moja ni simama, na nilitaka wajue nimesimama, sijaenda. Kesho yake nikapiga tena, na wenzangu wakanielewa bila kuniuliza. Wengine waliokuja baadaye hawajui hata ni kwa nini, ila ikilia wanavua kofia.

Sasa nikueleze nililolificha, maana wewe umeshaeleza la kwako. Mgodi unafungwa. Mwisho wa mwezi pampu zinazimwa, na pampu zikizimwa maji yanapanda. Njia ya kaskazini ndiyo iliyo chini zaidi, itakuwa ya kwanza kujaa. Kampuni imeziruhusu familia za walio nyuma ya ukuta zishuke mara moja kabla ya siku hiyo. Tangazo lilitoka Januari. Sikuandikisha majina yenu. Barua yako ya kwanza iliponifikia nilidhani umekwishasikia, kisha nikaona unaongelea Wayunani, nikashukuru Mungu nikafunga mdomo. Nilijiambia nawalinda.

Majina yanafungwa Ijumaa ijayo. Lako nimeliandika jana. La dada yangu siwezi kuliandika bila yeye kusema. Ongea naye wewe, mimi nimeshindwa.

Wamenituma nikuambie kwamba ile ya kuitwa mara tatu niliwasomea. Mama Kantini alifunga dirisha la kantini mapema.

Mjomba wako


7 Aprili

Kaka,

Mpwa wako ameweka barua zako zote mezani kwangu juu ya kitambaa nilichokuwa nakikata, akasimama mbele yangu wima kama yuko mbele ya maprofesa, akaanza, “Mama, ninayo mambo mawili ya kukueleza.” Nikamwambia akae. Nikamwambia chai ya siku ile ilikuja imeungua, na yeye hajawahi kuunguza chai. Nilijua kuanzia hapo. Nilikuwa namngoja aniulize, kumbe yeye alikuwa ananingoja nipumzike.

Andika jina langu.

Nina maswali. Viatu mtanipa huko au nije na vyangu? Mguu wangu unaujua, wa kushoto umevimba. Kutembea kutoka kwenye kizimba mpaka ukutani ni kama kutoka wapi mpaka wapi hapa kwetu? Tena sitaki dereva mwingine. Ukiniambia siku hiyo umepewa mapumziko sishuki.

Mtoto ananiambia wafu wa Wayunani hawasemi mpaka wanyweshwe. Sitaki aseme, kaka. Aliongea vya kutosha alipokuwapo. Nataka asikie tu kwamba mtoto amesoma. Nimefikiria avae lile joho la mahafali. Nimelipiga pasi. Linafaa?

Dada yako


14 Aprili

Dada yangu, na wewe Profesa,

Majina yenu yamekubaliwa, yote mawili, moja chini ya lingine.

Viatu vipo, nimechagua mwenyewe, cha kushoto kikubwa kidogo. Ovaroli zipo. Kutoka kizimbani mpaka ukutani ni kama kutoka nyumbani kwako mpaka kwa yule fundi viatu, ila hakuna wa kusimama naye kupiga soga. Kidevu atawatangulia. Mkirudi, dada akae mbele, mtoto nyuma, na dada usigeuke. Taa. Sikiliza viatu vyake tu.

Joho halishuki, litanasa. Lije hata hivyo, Mama Kantini analitaka kulishika. Chini ataingia na kofia ngumu yenye taa, na kwa baba yake hiyo ndiyo kofia ya kuhitimu. Hajapata kuiona ya aina nyingine.

Winchi ni mimi. Nilimwendea meneja nikamwambia kama si mimi, dada yangu hashuki, na kama dada yangu hashuki, mimi pia nakwenda nyumbani leo. Akasema hakuwa na mpango wa kumweka mwingine. Mkaguzi alikuwapo, akaniuliza polepole, “Ile kengele, mzee?” Nikamwambia. Akatoka kumtafuta fundi wa umeme amwambie apumzike.

Profesa, nimefikiri sana juu ya mara tatu yako. Miaka yote hii nimewapigia walio nyuma ya ukuta moja, simama, kumbe nimewasimamisha muda wote huo bila kuwaambia chochote kingine. Siwezi kuwapigia matatu mimi kutoka juu. Matatu hupigwa na aliye chini, kwenye kizimba, ndiyo sheria. Kwa hiyo utapiga wewe. Kamba iko upande wa kulia wa mlango, imeng’aa mahali baba yako alipokuwa akiishika. Muingie wote, mlango ufungwe, na usiharakishe. Piga kama unabisha hodi. Moja. Mbili. Tatu.

Matatu ni watu wamo kizimbani, vuta polepole. Nitairudia ili muisikie, kisha nitavuta polepole kuliko siku zote za maisha yangu. Na sitauliza mko wangapi.

Basi ni Jumamosi, tarehe 26, kizimba kinashuka saa tatu asubuhi. Njooni mapema, mkavae. Nitakuwa nimesimama mlangoni pa nyumba ya winchi saa mbili kamili.

Mjomba, na kaka yako